Dole Gumba la Fundi Deus

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe, nikakabidhiwa ndoo na brashi. Hoteli ile ya ufukweni Bukoba ilikuwa imeanza kuwapeleka wageni kuvua sangara kwa fimbo, nami niliajiriwa kwa sababu ni mtoto wa ziwa. Nimezaliwa Muleba, na baba alinifundisha kurusha mshipi wa mkono kabla sijajua kusoma. Mkuu wa Boti, mzee asiyecheka ovyo, alilitazama shati langu akasema, "Waitu, ndugu yetu, boti haioshwi kwa macho." Nikaosha.

Fimbo zile zilikuwa na mashine, kitu kidogo cha chuma chenye bobini iliyoviringishiwa mshipi. Unaibana bobini kwa dole gumba, unabonyeza kitufe cha kuifungua, unarusha. Samaki wa bandia akiwa hewani, dole lazima liendelee kuigusa bobini kwa mbali, na akifika majini unaibana tena. Ukiiachia kabisa, bobini inazunguka kwa kasi kuliko mshipi unavyotoka. Mshipi unafura, unajisokota, na asubuhi yako yote inaishia kwenye kufumua mafundo huku mgeni akitazama saa.

Mkosi wangu ulikuwa uvuvi wenyewe. Mshipi wa mkono hurushwa kwa kuachia: unalizungusha jiwe, unafungua kiganja, basi. Kila niliporusha kwa mashine, dole langu liliinuka lenyewe kama nilivyozoeshwa na baba. Mkuu wa Boti alisimama nyuma yangu akihema. "Rwegasira, nani amekwambia uachie?"

Ndipo akaja Deus. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Bilele pale mjini, mzaliwa wa Kaagya kwenye kahawa na migomba, hajui kuogelea, na jaketi la kuokolea alilivaa akiwa bado nchi kavu. Aliletwa kushona maturubai ya boti. Siku moja Mkuu wa Boti akampa fimbo kwa utani. Samaki wa bandia akaruka, akatua mbali, mshipi umenyooka.

"Umejifunzia wapi?" Mkuu akauliza.

"Ni kama gurudumu la cherehani, Ta," Deus akajibu kwa heshima ya Kihaya. "Usipoligusa kwa kiganja, linapitiliza mshono."

Hata hilo neno bobini ni lake, alikuja nalo kutoka kwenye cherehani, na wote wakalishika. Mimi nilikaa muda mrefu nikisema "kile kinachozunguka." Wivu ulinishika.

Hoteli ikamwajiri Deus, na baadaye tulihamishiwa pamoja kwenye kambi yake ya kisiwani, Muleba, nyumbani kwetu kabisa. Katika boti ya wageni, anayerusha hukaa kiti cha mbele, hupigwa picha, na jina lake ndilo wageni wanaloondoka nalo. Mwingine hukaa nyuma kwenye injini. Nilikitaka kiti kile kuliko nilivyotaka mshahara. Meneja wa kambi akasema, "Mbele akae Deus. Wewe unaijua miamba, shika injini." Tulipotia nanga mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, shangazi yangu akaniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, huyo bosi unayemwendesha ni nani?"

Deus mwenyewe alinifuata jioni. "Kaka, nikuonyeshe dole linavyokaa?"

"Nina injini ya kusafisha," nikamjibu.

Nikajifunza peke yangu, nyuma ya nyumba, nikirusha kipande cha risasi ya kuzamishia mshipi katikati ya migomba. Nilifumua mafundo mpaka mke wangu akauliza kama nimeacha uvuvi nikaanza kusuka. Dole likachubuka, likaota sugu, na pole pole likaacha kuinuka. Nikamwendea Meneja, nikarusha mbele yake, mshipi ukatoka safi. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Vizuri sana. Lakini mmeshazoeana hivyo, tusivuruge." Nikarudi kwenye injini, na huko nikakaa mpaka kustaafu.

Tulistaafu siku moja, mimi na Deus. Meneja wa siku hizo, kijana mchangamfu, alitaka kila mmoja arushe mara ya mwisho kutoka gatini, wafanyakazi wote wakitazama. Deus akaanza, akarusha safi kama kawaida yake. Nikashika fimbo. Nilisikia bobini ikiimba chini ya dole langu, na samaki wa bandia akapita pale alipotua wa Deus, akaenda mbali zaidi, mshipi bila hata kikunjo. Miaka yote nilikuwa nimeingoja dakika ile.

Nikageuka nimwone uso. Deus alikuwa akipiga makofi kuliko wote, machozi yanamlengalenga, akamshika Meneja bega: "Mnaona? Siku zote nilikuwa nawaambia huyu bwana ni hodari!"

Hakuwahi kujua kwamba tulikuwa tunashindana. Hilo nalo namwonea wivu.