Niliposema "Kidogo Tu"

Siku ile naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, na mzee wangu asinisikie. Nilikuwa msichana mbichi, nimetoka kijijini kwetu Kansay alfajiri na viatu mkononi ili visishike vumbi, nakuja Karatu kwenye usaili wa kazi ya jikoni. Ilikuwa hoteli moja ya watalii, njia ya kwenda geti la Ngorongoro.

Mara mbili nilishasailiwa kwingine nikakosa. Baba akaniambia waziwazi kwamba nikikosa na hapo, Jumatatu napanda lori na wenzangu kwenda Mang'ola kwenye vibarua vya vitunguu. Sidharau vitunguu, nimevila maisha yangu yote. Lakini mimi nilitaka jiko. Nililitaka mpaka naliota.

Sasa ngoja nikueleze malezi yetu, maana ninyi watu wa simu mnayasahau. Nyumbani kwetu kijana akiwa mbele ya mzee anainamisha macho. Akiulizwa kama anajua kitu, hata kama anakijua kuliko wote waliopo, anajibu "kidogo tu". Wakubwa wake ndio watakaomsemea. Hiyo ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, na mpaka leo naipenda.

Basi nikaingia. Nyuma ya meza alikaa meneja, mzee mwenye mvi, rika la baba yangu. Pembeni yake alikuwa mpishi mkuu, Mama Aneti, mama wa Kichaga aliyehamia Karatu kutoka Moshi, mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi. Nikawapa shikamoo, nikakaa kwenye ncha ya kiti, macho sakafuni.

"Umewahi kupikia watu wengi?" meneja akauliza.

"Kidogo tu."

"Na kuongoza wenzako jikoni?"

"Najaribujaribu."

"Nyama je, unaijua?"

"Mh, kidogo."

Mzee wa watu akafunga faili. "Asante, binti. Tutakujulisha." Maneno hayo nilishayasikia mara mbili, nikajua habari yangu imekwisha.

Nimefika nje, machozi yananilengalenga, nasikia hatua nyuma yangu. Alikuwa Mama Aneti.

"Wewe! Hebu simama. Si wewe uliyepika kwenye jubilei ya padri, kule parokiani kwenu? Watu zaidi ya mia mbili, na mimi nikala mpaka nikafungua kifungo cha sketi?"

"Ni mimi, mama. Na wasichana wanne niliokuwa nawaongoza."

"Sasa hiyo 'kidogo tu' imetoka wapi?"

Nikamweleza kwamba kwetu mtu hajisifu mbele ya mzee. Nilidhani atanihurumia. Wapi! Akashika kiuno.

"Yule mzee amekuuliza ili ajue, na unachomwambia ndicho anachoamini. Umelisha watu mia mbili, unamwambia kidogo. Si umemdanganya? Hiyo ndiyo heshima?"

Mwanangu, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilijiona mnyenyekevu, kumbe nimemdanganya mtu mzima mchana kweupe, tena baada ya kumpa shikamoo.

Akanishika mkono, akanirudisha ndani. "Meneja, huyu binti hajamaliza kukujibu."

Nikasimama mbele ya meza. Kumtazama machoni sikuweza, nikamtazama kwenye paji la uso, na nakuambia hakuna anayegundua.

"Samahani mzee, sikukueleza vizuri. Nimepika parokiani miaka mitatu. Siku ya jubilei sufuria moja ya wali iliungua. Nilitoa wa juu uliopona, nikainjika mwingine, na watu wote walikula kwa wakati. Keki na mikate ya wageni sijui. Nikifundishwa nitajua."

Akaanza kuniuliza habari za ule wali, mpaka nikasahau kuogopa, nikawa namwonyesha kwa mikono. Mwisho akacheka. "Binti, muda ule ulikuwa wapi? Jumatatu njoo uanze."

Ee Mungu wangu! Nilishusha pumzi niliyoibana tangu Kansay. Nikakaa kwenye ngazi za jikoni, nacheka huku nalia, na Mama Aneti akaniletea chai bila kuniambia ninyamaze.

Sasa wewe kesho kutwa unaingia kwenye chumba kama kile. Shikamoo usiiache. Ila ukiulizwa unachojua, kiseme chote kwa sauti ya kusikika, na ueleze ulifanyia wapi, nini kiliharibika, ukakirekebishaje. Usichokijua sema hukijui, wala usijitetee. Usiongeze kitu, lakini pia usipunguze, maana kupunguza nako ni kudanganya. Hapa nyumbani sisi wakubwa tutakusemea mpaka uchoke. Mle ndani hatutakuwepo, mwanangu, na yule anayekuuliza hana mwingine wa kumwambia ukweli wako.

Mungu ayape magoti yako nguvu, aifungue sauti yako, na akupe msaili mwenye sikio jema. Nenda na baraka zangu zote.