Kifuli cha Kavetsa

Kwa miaka kumi na tisa, mtoto aliyekaukiwa maji katika wodi ile ya Eldoret aliletwa kwa Kavetsa. Wauguzi wengine wangechoma mara tatu, mara nne, hadi mmoja aseme, "Mwiteni Mama." Naye angeushika ule mkono mdogo kama anayepima parachichi limeiva wapi, na mshipa ungepatikana. Mtaani kwao, Kimumu, wanawake walimsimamisha njiani wamwonyeshe watoto waliokua.

Alikuwa na mbinu isiyofundishwa chuoni. Akikosa mshipa, hakutoa sindano nje. Aliirudisha nyuma kidogo, akasikiliza kwa vidole, kisha akaisukuma tena.

Mwezi wa pili zikaletwa kanula mpya, zile sindano za kuwekea dripu. Ukivuta sindano nyuma, kifuli cha plastiki kinaruka na kuimeza ncha, tak, isimchome mtu mwingine. Kikishafunga hakifunguki. Asubuhi moja Kavetsa aliharibu tatu kwa mtoto mmoja.

"Mama, hiyo kitu haina msamaha," alisema Seline, muuguzi wa miaka miwili tu kazini. "Ukivuta, umevuta!"

Wodi ikacheka. Kavetsa alicheka pia, kwa meno tu. Seline alikuwa amechukua mtoto yuleyule na kuupata mshipa mara moja. Wiki hiyohiyo wakaanza kuita, "Seline yuko wapi?" Kila jina lile lilipoitwa, Kavetsa alihisi amenyang'anywa kitu mkononi.

Alhamisi mama mmoja, Nelima, alileta binti yake, macho yamezama kwa kuhara.

"Mwiteni Seline," akasema Sista Lusweti, mkuu wa wodi.

Seline alikuwa akinawa mikono. Kavetsa aliingia chumba cha dawa, akachukua kanula, akakikata kifuli kwa mkasi mdogo. Seline alipofika, Kavetsa alikuwa ameshamwinamia mtoto. Alirudisha sindano kidogo, akasukuma, damu ikajaa. Aliiweka sindano kwenye trei, moyo ukimwimbia.

"Kumbe bado uko moto, Mama!" Seline alisema, akabandika plasta, kisha akakusanya takataka za trei kwa mkono, kama walivyozoea tangu sindano zianze kujifunga zenyewe.

"Uwi! Hii haijafunga!"

Tone la damu lilisimama kwenye kidole chake.

Sista Lusweti alimkimbiza kwenye bomba. "Wametuletea mbovu. Leo hii zote zirudishwe stoo, tutatumia zile za zamani."

Zile za zamani. Kavetsa alisikia maneno hayo kama mtu anayerudishiwa nyumba yake. Hakuhitaji kufanya lolote, ila kunyamaza.

Seline aligeuka, mkono ukiwa bado chini ya maji. "Shukuru Mungu si wewe, Mama. Wewe una watoto."

Maji yaliendelea kutiririka.

"Si mbovu," Kavetsa alisema. "Nilikikata mimi."

"Ulikata nini?"

"Kifuli. Nilitaka mniite mimi."

Sista Lusweti alimsukumia karatasi. "Utaandika hayo, na uyatie sahihi. Seline, mtoto wa watu, atameza dawa za kuzuia Ukimwi siku ishirini na nane."

Seline alipita kwenda kuanzishiwa dawa, na Nelima akamfuata hadi mlangoni akimshika bega, "Pole, mwanangu, pole sana."

Kavetsa alibaki na kalamu na karatasi. Hata pole ile aliionea wivu. Akaanza kuandika.