Siku Mdomo Wangu Ulipowabeza Wakwe

Nyie, mkitaka kucheka chekeeni mbali, maana hili jambo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa dukani najikuta nimeinama chini ya meza kama mtu anayetafuta kitu, kumbe natafuta pa kuficha uso, uso wenyewe huu huu ulioniletea balaa. Mimi Mama Salha, muuza vitenge Kariakoo miaka nenda rudi, niliyekuwa najisifu kwamba hajazaliwa wa kunipiga, niliadhirika sebuleni kwangu mwenyewe, mbele ya wakwe, mchana kweupe, na wa kumlaumu sina, ingawa nimemtafuta sana.

Kwanza mnijue. Mimi siamini mtu. Noti naimulika hata kama kaileta shekhe, kitenge nakivuta, nakinusa, ndiyo nakubali kuitwa dada. Baba Salha, mume wangu, yule anayetoa mizigo ya watu bandarini, husema nikifika peponi nitaomba kwanza kuona hati ya kiwanja. Basi binti yangu Salha alipoleta habari za Jabiri, kijana mpole, anatabasamu muda wote, mimi sikumung'unya maneno, nikamwambia, "Mwanaume anayecheka hivi kuna kitu anaficha." Na mama yake, Bi Zuhura, ndiyo akanimaliza kabisa. Mwanamke ana wajukuu, lakini kila picha anayoweka kwenye simu shingo imenyooka, mashavu yako juu, nikasema huyu naye ana lake jambo.

Mtoto alilia, akasusa kula, mwisho nikalegea, posa ikakubaliwa. Ikabaki siku ya wanawake wa upande wa mume kuja na kishika uchumba na kufahamiana na sisi. Salha akaniketisha jikoni, akanishika mikono. "Mama, shangazi yake Jabiri amesema wazi, nyumba ambayo mama mtu hataki, wao hawaoi. Nakuomba, siku hiyo uwachangamkie. Ucheke nao. Basi tu." Nikamwambia atulie, mimi si mtoto.

Sasa wiki ile ile, niko zangu dukani, likaingia jitu zima lina ndevu mpaka kifuani, likaniambia, "Shikamoo bibi." Bibi! Nililiuzia vitenge bila kulipunguzia hata shilingi, lakini neno lilibaki kooni. Jioni nikafungua simu, nikaitazama picha ya Bi Zuhura, kisha nikajitazama mimi kwenye kioo cha dukani, nikajiona nimekaa naye kwenye kochi moja tunapigwa picha, watu wanauliza yule bibi pembeni ni nani. Roho ikaniuma. Na hapo ndipo nilipokata shauri, shauri dogo tu, la kwenda kuinuliwa uso.

Maana nilishayaona matangazo. Kuna ghorofa moja hapa hapa Kariakoo, chini wanauza mabegi, juu wana mashine ya kukaza ngozi bila kisu wala sindano, eti kwa mawimbi ya sauti. Siku moja kabla ya wageni nikamuaga Baba Salha kwamba nakwenda soko la Mchikichini kutafuta pazia (Mungu anisamehe), nikapanda ngazi maana lifti yao sikuiamini.

Binti aliyenipokea anaitwa Glory, kavaa koti jeupe. "Shikamoo mama." Marahaba, nikamwambia, wewe ni daktari? Akasema yeye ni mtaalamu. Nikasema haya, neno hilo hata mafundi bomba wanalitumia. Nikaizunguka mashine, nikatazama nyuma yake, maandishi yote ya Kichina, nikauliza hayo mawimbi ya sauti mbona siyasikii. Akanieleza kwa upole kwamba hayasikiki, yanaingia chini ya ngozi yanapasha moto, ngozi inajikaza yenyewe polepole, miezi kadhaa. Miezi! Nikamwambia wageni wangu wanakuja kesho. Akasema kuna unafuu kidogo wa mwanzo unaonekana. Nikaona mwizi huyu. Lakini nililala kwenye kitanda chake.

Akanipaka jeli ya baridi kama ile ya wajawazito wanapopimwa, nikamuuliza sasa unatafuta mtoto shavuni? Akacheka. Mimi sikucheka. Akaanza upande wa kulia, kila akigandamiza mashine inalia tii, na mfupa wa taya unauma mpaka kwenye mizizi ya meno. Akahamia kushoto, tii, tii, tii, mara akaifuta jeli, akasema, "Tumemaliza, mama."

Nikakaa kitako. Tumemaliza? Nyie, mimi masikio yangu yamezoea kusikiliza wauzaji wanavyohesabu mali, na masikio yaliniambia kushoto nimepewa pungufu. Nikamwambia, "Binti, unanipunja."

"Mama, pande zote sawa. Hapo kwenye taya kuna mshipa wa fahamu, hatuzidishi."

Mshipa wa fahamu! Nikaona ndiyo hao hao, ukiwabana wanakuletea maneno ya hospitali. Nikamwambia mimi ni mtu wa Kariakoo, hakuna mahali nimewahi kununua kitu nikaondoka bila nyongeza, hata muuza nyanya ananiongezea, sasa wewe na mashine yako ya umeme utashindwaje? Akakataa. Nikapandisha sauti, nikasema nitashuka chini niwaambie wateja waliokaa kwenye benchi kwamba humu wanapunja watu. Maskini mtoto wa watu akatazama mlango, akachukua mashine, akaniongezea kushoto, pale pale kwenye taya nilipomwonyesha kwa kidole. Nilishuka ngazi nimeshiba ushindi.

Nyumbani Baba Salha akaninusa. "Mbona unanukia hospitali?" Nikamwambia ni vumbi la Mchikichini. Asubuhi nikajitazama kwenye kioo, uso mwekundu kidogo, mengine shwari, ngozi nikaiona kweli imekaza. Lakini nani anacheka peke yake mbele ya kioo? Mimi kioo nakitazama kama ninavyotazama noti.

Wageni wakaja na vigelegele, na sinia la halua na visheti limefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Mbele Bi Zuhura, nyuma yake shangazi mtu, mwanamke mrefu, kimya, macho makali. Salha yuko mlangoni, macho kwangu. Nikakumbuka ahadi yangu, nikafungua mikono, nikacheka kwa moyo wangu wote. "Karibuni, karibuni sana, hapa ni kwenu!"

Vigelegele vikakatika. Bi Zuhura akaurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha. Shangazi akamtazama wifi yake, wifi akamtazama shangazi, wakakaa kwenye ncha ya kochi kama watu waliokaa kwenye benchi la polisi. Mimi nikaanza kuwashuku. Nikasema moyoni, mnaona? Nilisema hawa wana lao, wamekuja kuikagua nyumba. Lakini kwa ajili ya mtoto nikazidisha. Nikasema, "Jabiri kijana mzuri sana, ana adabu," nikacheka. Nikasema, "Na wewe Bi Zuhura, mashaallah, picha zako tunaziona," nikacheka tena, kwa nguvu zaidi.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Dada, tumekukosea nini?"

Kabla sijajibu Salha kanishika mkono, kanivutia jikoni. Macho yamejaa machozi. "Mama unafanya nini?"

"Nacheka! Si ulisema nicheke?"

"Huko ndiyo kucheka?" Akanielekezea simu usoni nijione kama kwenye kioo. "Haya, cheka."

Yarabi toba. Upande wa kulia mdomo ulifunguka vizuri, meno yakaonekana, tabasamu la mtu mwema. Upande wa kushoto ulibaki pale pale, umekaza, haushuki, kwa hiyo mdomo mzima ukapinda, ukabetuka, na nyie mnajua sisi wanawake wa Pwani, tusi si lazima litamkwe, mdomo ukibetuliwa upande mmoja inatosha, watu wameachana kwa hilo. Nilikuwa nimewabetulia wakwe mdomo kuanzia mlangoni, na kila nilipotaja jina la mtoto wao nimewabetulia tena.

Nikafikiri kiharusi. Kisha nikafikiri wamenifanyia kitu, nikataka kusema ni halua ile, na halua yenyewe bado haijafunuliwa. Ndipo nikamkumbuka Glory. Nikamwambia Salha, mwanangu, ni mashine, jana nilikwenda kukaza uso, upande huu umegoma. Akanitazama. Jamani, mimi nimetazama watu hivyo maisha yangu yote, sikuwahi kujua kunavyouma ukitazamwa wewe.

"Mama, tangu mwanzo hukuwataka. Ungesema tu. Usiniletee habari za mashine."

Tuliporudi sebuleni wageni walishasimama, shangazi amelibeba sinia lake kuondoka nalo. Bi Zuhura akamwambia binti yangu kwa sauti ya chini kabisa, "Salha, mwanangu, wewe hatuna neno nawe." Salha akaegemea ukuta, akaanza kulia kile kilio cha bila sauti. Nikaona pale pale, mtoto anaondokewa na mume kwa sababu ya taya langu. Nikapiga magoti, mimi mama mwenye nyumba, nikaanza kueleza, mawimbi, jeli, ghorofa lenye mabegi, na kadiri ninavyoeleza mdomo unabetuka, kila neno la kuomba radhi linatoka kama kejeli. Baba Salha akaingia kutoka barazani kusikiliza kulikoni.

"Ghorofa gani?" akauliza. "Si ulikwenda Mchikichini kutafuta pazia?"

Shangazi akasema, "Umeona? Hata mumewe hajui hilo ghorofa."

Sikuwa na ujanja tena. Nikampa Salha simu, nikamwambia mpigie huyu binti wa mashine, namba yake hii hapa, weka sauti kubwa, wote wasikie. Ikaita, ikaita, nikadhani Glory naye amenikimbia. Akapokea. Salha akamuuliza kama jana alimhudumia mama mmoja muuza vitenge.

"Yule mama wa nyongeza?" Sauti ikajaa sebule nzima. "Dada, nilimkataza! Nilimwambia hapo kuna mshipa, akasema nampunja, akatishia kunitangaza kwa wateja. Mdomo umepinda, eh? Nilijua. Mwambie wengi hurudi wenyewe baada ya wiki kadhaa, ila aende hospitali wamwangalie. Na mwambie asije huku tena, tafadhali."

Baba Salha akatazama dari. Bi Zuhura akasogea mpaka mbele yangu, nami bado niko magotini, akaniinamia usoni.

"Cheka," akasema.

Nikacheka. "Tena." Nikacheka tena. "Meno ya chini, nionyeshe." Nikamwonyesha ya upande mmoja, ya upande wa pili yakakataa. Akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akaniamuru nicheke kwa mara nyingine, shangazi naye akaja kuhakikisha, mpaka udenda ukanitoka pembeni. Hapo shangazi, yule mwenye macho makali, akaangua kicheko akakaa chini sakafuni na sinia lake, na Bi Zuhura akafuata, na Baba Salha akatoka nje mbio nikamsikia anacheka barazani kama mtu anayekohoa. Halua ikafunuliwa. Kishika uchumba kikapokewa. Nilikula kwa upande wa kulia.

Wageni walipoondoka nikamfuata Salha jikoni anaosha vikombe. Nikamwambia umeona, mwanangu, yamekwisha. Hakugeuka. Akasema, "Mama, na kama mdomo ungekuwa mzima, ungecheka nao kweli?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno halikutoka, na hilo halikuwa kosa la mashine.

Hospitali walinitazama wakasema nisubiri, na kweli mdomo ulirudi taratibu, ndoa ikafungwa, Jabiri mpaka leo sijamkuta na kosa (na nimetafuta). Nimeapa, uso wangu hautalala tena chini ya chombo chochote, na atakayeniita bibi nitamwitikia marahaba na kumpunguzia bei. Lakini Bi Zuhura, yeye nimekwisha kumharibu. Tukikutana kwenye shughuli, nikamsimulia jambo, nikacheka kwa dhati kabisa, yeye hucheka baadaye. Kwanza ananitazama mdomo, kulia, halafu kushoto.