Consolée Aliyekataa Rangi Nyeusi

Consolée, ambaye sokoni Kasulu wanamwita Mama Ange, alianza kutia ngozi rangi akiwa na wajukuu tayari. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye ni raia wa hapa, na miaka yote alilima maharage. Mgongo ulipolikataa jembe, akaomba nafasi kwenye benchi la Evaristi, fundi wa sendozi za ngozi.

Nilimkuta hapo nikitoka Kibondo kwa miguu, sendozi yangu imekatika mkanda. Juu ya benchi ilining'inia mikanda ya ngozi ya mbuzi yenye mabaka kama ndizi iliyopitiliza kuiva.

"Mzee, usinicheke," akaniambia.

"Sijacheka, mama."

"Macho yako yamecheka."

Evaristi yeye hakuficha. "Yewe, Mama Ange! Mbuzi huyu alikufa kwa surua?" Watu wakaangua kicheko. Kisha akasema bila mzaha: siku ya gulio ikifika na mabaka yale bado yapo, apake nyeusi au aachie benchi. Nyeusi hufunika kila kosa. Wanaoanza wote hukimbilia huko.

"Nyeusi sipaki," Consolée akajibu. "Nimekuja kujifunza rangi, sikuja kujifunza kuficha."

Alitaka rangi ya kahawa iliyokaangwa. Alichemsha magome mwenyewe, akatia misumari yenye kutu ili ikolee. Chunguni rangi ilikuwa nzuri. Ngozi ndiyo iliyoikataa, huku inainywa, huku inaitema.

Nami sina haraka tangu ujana, nikakaa nikimtazama. Huku kwetu kinachokauka hupakwa mawese: mtoto, mpini, hata ngoma. Basi naye kila ngozi mpya aliisugua mawese kwanza ili ilainike, ndipo atie rangi. Akiongeza magome, mabaka yanazidi.

Jioni kipande alichokata ukingoni mwa ngozi, ambacho hakikupata mafuta, kikadondoka chunguni. Akakiopoa kwa kijiti. Kilikuwa rangi moja kote. Akakigeuza, akakinusa, akautazama mkebe wa mawese.

"Ni wewe," akauambia. "Umenifungia mlango."

"Sasa unagombana na mafuta?" Evaristi akasema. "Paka nyeusi, mama, ukalale."

"Kalale wewe."

Kesho yake akaifua mikanda yote kwa sabuni ya kipande, akaianika kivulini mpaka ikakauka, akaitia rangi bila tone la mafuta. Ilipotoka chunguni ilionekana nyeusi. Evaristi akapiga makofi: "Si umekuja mwenyewe kwenye nyeusi yangu!"

Akaianika tena kivulini. Ilivyozidi kukauka weusi ukapungua, ukatulia kwenye wekundu mzito. Hapo ndipo akaigusisha mawese, kidogo tu, kwa ncha ya kitambaa.

Siku ya gulio Evaristi akaipekua mbele na nyuma, akitafuta baka. Hakuliona.

"Lakini hii si kahawa iliyokaangwa," akasema. "Hii ni kahawa mbivu, bado iko mtini."

"Basi ni mbivu. Sogea, Fundi, kiwiko chako kiko upande wangu wa benchi."

Akasogea, akinung'unika.