Madoa ya Njano Chini ya Mizinga

Usingizi ulinikataa kwa sababu ya madoa ya njano, na aibu yake sijaizoea hata leo. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, nikapelekwa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Goweko, kando ya njia ya zamani ya misafara, nipime moshi na chavua (ule unga wa maua unaobana vifua) na kuwatabiria watu hewa ya kesho. Unaacha nje, juu ya kibao, kioo kilichopakwa mafuta, kisha unakitazama kwa hadubini. Sasa mbuzi walikuwa wakinilambia vioo, nikaona nihamishie kibao changu uani kwa Mzee Mihambo, mrina asali, chini ya mizinga yake.

Asubuhi kioo kimejaa njano. Chavua tupu, niliihesabu mara nne (mimi hata mlango nikishaufunga hurudi kuusukuma). Nikawaza, je, nikinyamaza halafu Mama Nyamizi, mwenye pumu, akabanwa kazini? Usiku kucha nikageuka kitandani, kukicha nikamwambia mwenyekiti wenye vifua wapumzike, na kwamba moshi nao unakuja. Basi kijiji kizima kikaanza kukohoa, siku mbili kitalu cha tumbaku hakikumwagiliwa, miche ikanyauka, mkutano ukaitishwa.

Nikakitoa kioo changu kama ushahidi. Mzee Mihambo akakigeuzageuza juani.

“Bwana Hewa, uliweka wapi hiki?”

“Chini ya mizinga yako, mzee.”

“Basi, mwanangu, haya ni mavi ya nyuki. Unga wa maua ndio chakula chao, wakitoka wanajisaidia. Tazama kofia yangu, madoa ni yaleyale.”

Watu wakacheka, mmoja akauliza kama kesho nitawapimia na ya ng'ombe. Mimi moyoni nilikuwa nimeshapanda treni ya kwetu.

Ila Mama Nyamizi hakucheka. “Na ule moshi uliosema unakuja, baba, nao niupuuze?”

Moshi ulikuwa wa kweli, mashariki walikuwa wanachoma mapori na upepo ulielekea kwetu. Nikasimama, nikasema kosa ni langu, niliweka kibao bila kuuliza, miche nitamwagilia mimi, lakini moshi usipuuzwe, mwenye pumu aondoke kijijini mpaka upite.

“Ukikosea tena?” akauliza.

“Unicheke, mama. Lakini nenda.”

Nimeapa siweki kioo uani kwa mtu kabla ya kumuuliza mwenye ua. Kesho yake nilimbebea Mama Nyamizi mzigo mpaka stesheni, akaenda kwa dada yake mjini, mtaa wa Ng'ambo, nami nikarudi kitaluni na ndoo.