Nilitia Sahihi Kabla ya Kuonja

Harufu ya siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu: mafuta ya sangara yaliyochacha, na wino mbichi wa sahihi yangu. Umeniambia bosi wako anataka uandike kwamba maji ya kisima kile ni salama, wakati vipimo vyako vinakataa. Keti basi nikusimulie, maana mimi mwenzako nimeshawahi kutia sahihi uongo, tena kwa mwandiko mzuri.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limeingia, na viwanda vya minofu vinaota kando ya ziwa hapa Mwanza. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tulibaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa, pamoja na mafuta ya tumboni. Akina mama waliyachemsha mafuta hayo kwenye uwanja nyuma ya kiwanda nilichofanyia kazi, wakawauzia wakaanga samaki mpaka Buhongwa. Mkubwa wao alikuwa Mama Kabula, mjane kutoka Sengerema, mfupi, mkali, hana meno mawili ya mbele. Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara, binti wa miaka ishirini na mbili, na lile koti jeupe lilikuwa limenipanda kichwani.

Mwanzoni akina mama walisimama kwenye meza ya kupasulia na kukata mafuta yao wenyewe, samaki akiwa bado mbichi. Walikuwa na mwiko mmoja: mafuta yasilale pamoja na "vidole", vile vijiutumbo vingi vilivyobanana karibu na tumbo la samaki. Nikiwasikia nilicheka, nikasema ni ushirikina. Kisha akaja meneja mpya. Akawaondoa mezani, akaamuru kila kitokacho tumboni kitupwe kwenye pipa moja, nao wakabidhiwe pipa hilo jioni. Wiki haikuisha, mafuta yakaanza kukwangua koo na wateja wakarudisha madebe.

Meneja alikuwa anautaka ule uwanja ajenge chumba cha barafu. Akaniletea karatasi iliyokwisha kuchapwa: mafuta yanaharibika kwa uchafu wa wanawake, waondolewe mwisho wa mwezi. Nikatia sahihi. Sikupima hata tone moja.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Mama Kabula mlangoni pa maabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe uliyeandika kwamba mimi ni mchafu?"

Nikajibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Akaniangalia toka viatuni mpaka kwenye nywele.

"Huo utaalamu wako hauna pua? Jikoni kwangu hukuja. Hukunusa, hukuonja. Watoto wangu watano wanakula kwenye sufuria ile, wewe umeimwaga hujainuka hata kwenye kiti."

Akaondoka. Nilitamani ardhi inimeze, sikufichi.

Mchana ule nikafungua kitabu changu cha chuo, ukurasa niliowahi kuukariri kwa ajili ya mtihani tu. Kilieleza habari za Mfaransa mmoja wa enzi za babu wa babu zetu, aliyempasua sungura aliyelishwa mafuta. Akaona mishipa midogo ya utumbo imejaa kitu cheupe kama maziwa, lakini kuanzia pale tu majimaji ya kongosho yanapoingilia, si kabla. Wasomi wa wakati wake walizoea kusema kongosho ni tezi ya mate tu iliyojificha tumboni. Baadhi yao walimpinga. Yeye akaendelea kupasua na kuonyesha. Waliomfuata ndio waliotufundisha kwamba mafuta yanameng'enywa na kimeng'enya kiitwacho lipasi, yakageuka asidi kali, na kwamba kikichemka hakifanyi kazi tena. Nikawakumbuka samaki wetu: kongosho lao limetapakaa humo humo kwenye vile vidole. Mwiko wa Mama Kabula haukuwa ushirikina hata kidogo.

Nikaenda jikoni kwake, nikapiga magoti, nikaomba radhi. Akanipa kisu. Tukajaza vikombe vitatu kutoka kwa samaki mmoja, vyote vimeoshwa kwenye beseni lake lile lile. Cha kwanza mafuta matupu. Cha pili mafuta na vidole vibichi vilivyopondwa. Cha tatu mafuta na vidole tulivyovichemsha kwanza. Kesho yake nikavipima uchachu kwa kudondoshea dawa, ambayo rangi yake ya waridi hutulia uchachu ukiisha. Cha kwanza na cha tatu havikuwa na neno. Cha pili kilikuwa kikali mno, kikameza tone baada ya tone bila rangi kutulia.

Nikaandika ripoti mpya kwa mkono wangu. Meneja akaisoma, akasema, "Chana hii."

"Sichani. Ile ya kwanza ndiyo ya kuchanwa, kwa sababu niliitunga bila kupima."

Akanifukuza papo hapo. Nikalivua koti, nikalikunja vizuri, nikaliweka mezani kwake. Kisha mimi na Mama Kabula tukavibeba vile vikombe mpaka kwa ofisa wa kata. Akaonja cha kwanza, akaonja cha pili, akatema dirishani. Kwa amri yake akina mama hawakuondolewa, na wakarudi kwenye meza yao ya kupasulia. Kazi yangu sikurudishiwa. Nilichemsha mafuta uwanjani pale miaka kumi na moja, na mafuta hayo ndiyo yaliyokusomesha wewe.

Kwa hiyo nakuambia wazi, mwanangu. Usitie sahihi kitu ambacho hukukipima. Na ukishakipima, usikubali mtu akufutie, hata awe na ofisi yenye zulia. Wanaochota kwenye kisima kile kawasikilize kwanza, wanakijua kuliko wewe. Watakufukuza, ndiyo, inawezekana. Mimi walinifukuza, na unaniona hapa nimeketi, nimeshiba. Mungu akupe mkono usiotetemeka kesho ukiirudisha karatasi yao bila sahihi. Na wakikufungia mlango, njoo hapa kwangu. Sufuria ya Mama Kabula bado ninayo.