Barua za Njia ya Owlerbottom

Nianze na matako, maana najua mawazo yenu yataishia huko huko. Kwa watu wa mjini, owl ni bundi na bottom ni matako, kwa hiyo wakisikia mtu anaitwa Owlerbottom wao wanasikia Matako ya Bundi, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Haya, chekeni mmalize. Kwetu huku bondeni owler ni mti unaopenda majimaji, ule uliokuwa ukichongwa soli za viatu vya mbao vya wafanyakazi wa viwanda vya pamba, na bottom ni kule chini kabisa kwenye bonde. Jina lenyewe lilikuwa la shamba moja tu, chini ya kijiji chetu cha Hagshaw, na kila mwenye jina hilo popote alipo, ukifuata nyayo za wazee wake utafika kwenye shamba lile. Hakuna tusi hapo.

Mimi naitwa Maureen Uttley. Nilipeleka barua Hagshaw miaka ishirini na tisa, kwa miguu, mvua na theluji, na nyumba ya mwisho katika zamu yangu ilikuwa ya Bi Enid Owlerbottom. Alikuwa mpishi wa shule aliyestaafu, mjane, mfupi, mwenye mdomo. Amekwisha kufa, na nampenda mpaka leo. Nasimulia habari zake kwa sababu wanaozisimulia baa wanazisimulia vibaya.

Enid alizaliwa na jina hilo, hakuolewa nalo. Kwetu mwanamke akiolewa huchukua jina la mume, na hakuna anayeuliza kwa nini. Yeye aliuliza. Mchumba wake alikuwa Wilf Sugden, fundi mitambo kiwandani, mtu wa maneno machache. Wiki tatu kabla ya harusi Enid akamwambia kwamba jina la Owlerbottom haliachi, na kama anamtaka, alichukue yeye. Akina Sugden wamejaa bonde zima, alimwambia, akipungua mmoja hata hawatajua. Sisi tumebaki wachache.

Wilf alifikiri siku tatu, akasema sawa. Mama yake hakukanyaga nyumbani kwao miaka sita.

Na Enid hakuwa akitania aliposema wachache. Nendeni mkasome mnara wa kumbukumbu ya vita vya kwanza vya dunia mbele ya kanisa letu. Majina thelathini na moja, na matano kati yake ni Owlerbottom: kaka zake wawili, baba yake mdogo na binamu zake wawili. Walijiandikisha pamoja kwa sababu walifanya kazi kiwanda kimoja, wakawekwa kikosi kimoja, wakafa asubuhi moja huko Ufaransa. Enid alikuwa na miaka minane. Waliobaki walitawanyika kufuata kazi, wengine Preston, wengine Nottingham, wengine wakavuka bahari mpaka Kanada, na huko walikokwenda wakachekwa, na wengi wakabadilisha. Enid alikuwa akisema risasi zilimaliza nusu ya jina na aibu ikamaliza nusu ya pili, ila yeye bado hazijampata.

Sasa mtoto wake mmoja wa pekee, Clifford, akaja kuwa dalali wa nyumba Leeds, na alipofika miaka ishirini na tano akajiandikisha upya kuwa Clifford Alder. Alikuja kumweleza mama yake kwa upole kabisa kwamba alder ni mti uleule, ndivyo unavyoitwa vitabuni, kwa hiyo maana haijabadilika. Enid akamuuliza kama maana ni ileile, alibadilisha cha nini. Tangu siku hiyo Clifford akawa anakuja Krismasi na Pasaka tu, anakaa saa mbili, anaondoka.

Basi, mwaka 1978 mjenzi mmoja kutoka nje ya bonde akanunua uwanja wa lile shamba la zamani, akajenga nyumba kumi na mbili. Njia ya kwenda huko ilikuwa na kibao chake cha chuma, Njia ya Owlerbottom, na nyumba ya Enid ndiyo ya kwanza, zile mpya zilikuwa bado tupu. Mjenzi akalilalamikia baraza la kijiji kwamba hakuna mtu atakayenunua nyumba yenye anwani kama ile. Baraza likapiga kura, likang'oa kibao, likaweka kingine cha mbao nzuri: Njia ya Alder. Haikupita wiki tukajua jina hilo jipya mjenzi alipewa na nani. Alipewa na dalali wake wa Leeds, aliyekuwa akiziuza zile nyumba.

Enid akaenda kukisoma kibao kipya, akarudi ndani akafunga mlango. Mimi nilipoona hivyo nikaogopa.

Jumatatu ndiyo siku ya kufua kwetu. Jumatatu ile nilipokuwa nikishuka na mfuko wangu wa barua nikakuta kibao kipya kimevishwa chupi mbili ndefu za kizamani, zile zinazofika magotini, zimebanwa kwa vibanio vya nguo na zinapepea. Enid alikuwa amesimama langoni na kikombe chake cha chai.

"Wameona haya kutaja matako," akaniambia, "basi nimewawekea nguo yake."

Karani wa baraza, Bwana Thewlis, akaja kuzitoa mwenyewe, uso mwekundu. Jumatatu iliyofuata zikarudi. Ya tatu zikawa nne. Bwana Thewlis hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu, akamweleza Enid kwamba baraza haliwezi kufuta uamuzi kwa ajili ya chupi. Lakini kama angeleta uthibitisho kwamba watu bado wanalitumia jina la zamani, si yeye peke yake bali watu, na akaleta kabla ya kikao cha mwisho wa Januari, kura ingepigwa upya. Nadhani alijua Enid hawezi kuupata. Kijijini Owlerbottom alikuwa amebaki yeye mmoja.

Enid hakuwa na simu, alisema simu ni kengele ya kuitiwa na wajinga. Lakini alijua kwamba maktaba ya Halifax ina vitabu vya simu vya nchi nzima. Kila Alhamisi akawa anapanda basi la saa tatu na sandwichi zake za jibini, anakaa anapitisha kidole kwenye herufi O mpaka maktaba inafungwa. Alitafuta na majina yaliyoharibiwa na makarani wasiojua kuandika, akina Ollerbottom na akina Owlbotham, maana hao nao ni wa shamba lile. Alipata nyumba arobaini na tatu. Nusu zilikuwa mwendo wa basi moja kutoka Hagshaw, nyingine zimesambaa huku na huko, na moja peke yake kule mwisho wa kusini, Truro, ambapo hata sisi tunapasikia tu kwenye habari za hali ya hewa.

Kila nyumba aliiandikia barua ileile. Nimeisoma, na haikuzidi mistari mitano. Hunijui, ila tumetoka shamba moja. Wanataka kulifuta jina letu. Nitumie kadi ya Krismasi. Anwani iandike kama nilivyoiandika hapo juu, usipunguze hata herufi moja. Ya arobaini na nne alimwandikia Clifford, bila kubadilisha neno.

Zilianza kuja wiki ya kwanza ya Desemba. Msimamizi wetu wa posta alikuwa ameshabandika orodha mpya ya anwani ukutani, akaniambia niandike Njia ya Alder kwa penseli kwenye kila bahasha kabla sijaipeleka. Nikamwambia mimi kazi yangu ni kupeleka, kuandika waandike wenyewe. Akaniuliza kama najua nazungumza na nani. Nikamwambia najua, nilimbadilishia nepi. Hakunisumbua tena.

Zilikuja kutoka Preston, Nottingham, Hull, na moja kutoka kisiwa cha Uskoti chenye kondoo wengi kuliko watu. Enid alikuwa akizibandika bahasha kwenye ukuta wa jiko, si kadi, bahasha. Yule wa Truro alikuwa mzee, fundi saa. Aliandika kwamba tangu mama yake afe alidhani amebaki peke yake duniani mwenye jina hilo, na kwamba barua ya Enid ameisoma amesimama, kisha akakaa chini. Enid alinisomea hiyo, akafika katikati akashindwa, nikamalizia mimi.

Kufikia wiki ya pili ya Januari tulikuwa na bahasha arobaini na moja. Wawili hawakujibu kabisa. Ya Clifford ilikuwa haijaja, na Enid alikuwa ameacha kuiulizia, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kuulizia.

Ikaja Jumanne. Nene kidogo, mwandiko wa Clifford, nao naujua. Niliiangalia njia nzima. Alikuwa ameandika Njia ya Alder. Sitawadanganya, penseli nilikuwa nayo mfukoni, na nilisimama pale kwenye ukuta wa mawe nikifikiria. Halafu nikaona hapana, Enid angejua.

Aliipokea, akaisoma anwani, akaigeuza, akanirudishia.

"Hakuna mahali hapo," akasema. "Rudisha ilikotoka."

"Bi Enid, ni ya Clifford."

"Nina macho, Maureen."

Niliirudisha, kwa sababu mtu akikataa barua yake sina mamlaka ya kumlazimisha, lakini niliumia, na nilimkasirikia siku tatu nzima.

Ijumaa nilipofika langoni nikakuta gari la Clifford. Yeye mwenyewe amesimama nje ya lango na ile bahasha mkononi, mama yake amesimama mlangoni. Kati yao ni hatua kumi tu za njia ya mawe.

"Umerudisha barua yangu, Mama."

"Nimerudisha barua ya mtu wa Njia ya Alder."

"Humu ndani kuna habari. Niko hapa, basi nikwambie kwa mdomo."

"Usiniambie. Wenzio arobaini na mmoja wamejua kuiandika anwani yangu, na mimi hawanijui."

Clifford akanitazama mimi, eti nimsaidie. Mimi nikampa kalamu. Alisimama pale nywele zinalowa manyunyu, mtu mzima wa miaka thelathini na minane mwenye koti la bei. Kisha akaiweka bahasha juu ya nguzo ya lango, akakata Alder, akaandika juu yake Owlerbottom. Aliandika haraka, bila kufikiria herufi, maana mkono ulikuwa haujasahau. Akanipa. Nikatembea hatua zile kumi, nikampa mama yake.

Enid akaitazama, akatikisa kichwa. "Muhuri wa posta ni wa Jumatatu ile, anwani ni ya leo. Baraza litasema tumeiandika wenyewe jikoni. Bandikeni stempu nyingine, mkaitie kwenye boksi la posta."

Nilidhani Clifford atapasuka. Badala yake akacheka, akacheka mpaka akajishika kwenye nguzo, na mama yake akamwambia basi ingia ndani, unalowa. Stempu ilitoka kwenye droo ya Enid. Niliitia barua kwenye boksi la pembeni ya njia mwenyewe. Clifford alilala pale, kwenye kitanda chake cha utotoni, na baadaye aliniambia kwamba walikula viazi na vitunguu, wakasikiliza redio, na kila alipofungua mdomo kusema ile habari mama yake aligonga meza kwa kijiko.

Jumamosi asubuhi nikaipeleka. Bahasha ya arobaini na mbili, ina muhuri mpya. Enid akaifungua kwa kisu cha siagi, akasoma kwa sauti. Pauline, mke wa Clifford, amejifungua salama tarehe tatu, mtoto wa kike, baada ya miaka tisa ya kungoja. Tumemwita Rosamund Alder.

Alilia, na mimi nikalia, hata Clifford. Halafu Enid akajifuta kwa aproni.

"Mmeshamwandikisha?"

"Bado. Tuna wiki sita."

Akachukua penseli kwenye dirisha, akaiweka juu ya barua mbele ya mwanawe. "Umesahihisha nje. Sahihisha na ndani."

"Mama, watamcheka shuleni. Mimi nilichekwa. Hujui."

"Najua, nilikuwa pale pale kwenye jiko la shule nasikia kila kitu. Nilitaka kutoka na mwiko, na sikutoka, na hilo ndilo kosa langu." Alisema hivyo akimtazama usoni. "Akina Alder wako wengi, Cliff. Akipungua mmoja hata hawatajua."

Hayo ndiyo maneno aliyomwambia Wilf, na Clifford alikuwa ameyasikia kwa baba yake mara mia. Akaichukua ile penseli. Nyumba ya Enid ni ya mwisho katika zamu yangu, kwa hiyo sikuwa na haraka, na sikuondoka. Akakata Alder, akaandika Owlerbottom.

Baraza lilihesabu bahasha, likapiga kura, saba kwa sita, na kibao cha chuma kikarudi mahali pake. Nyumba zote kumi na mbili ziliuzwa na anwani yake.

Rosamund alianza shule Leeds akiwa na miaka mitano. Jumamosi ya wiki ileile baba yake alimleta Hagshaw, nami nilikuwa ndani napata chai. Bibi yake akamuuliza kama walimcheka.

"Ndiyo, Bibi. Wameniita Matako ya Bundi."

"Nawe ukawaambia nini?"

"Nikawaambia ni mti. Nikawaambia na wao ni wajinga."

Enid akamkatia kipande cha keki, kikubwa kuliko changu.